Pedi za faiba za mashine ya DA: nimezipambanisha tatu kwenye boneti moja nyeusi

Mtoto wa Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu upepo wa mwezi wa nane uanze. Humu kila wiki mtu anauliza pedi ipi ya faiba (zile za nyuzi nyuzi za kupolishia gari) ni kali, na kila wiki anajibiwa jina la kampuni, basi, uzi unafungwa. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo hivyo. Sasa nimepoteza Jumapili nzima na karibu nusu chupa ya kampaundi (dawa ya kuondoa mikwaruzo), nimepata jibu ambalo sikulitegemea. Nalileta kama lilivyo.

Kwa wasionijua, mimi si fundi rangi. Ni mtumishi tu hapa makao makuu Dodoma, kupolishi nafanya wikiendi uani kwangu Ilazo chini ya kibanda cha mabati. Mashine yangu ni DA, ile inayozunguka huku inayumba, mwendo wake wa kuyumba milimita 15. Gari la majaribio ni Harrier nyeusi ya shemeji, rangi namba 202. Anayeijua 202 ameshacheka. Ni nyeusi tupu isiyo na chenga hata moja ya kung'aa, tena laini, ukiifuta kwa kanga kavu umeshaichora. Na shemeji alikuwa anaifuta kwa kitambaa kikavu kila asubuhi kabla ya kuelekea kazini Mtumba. Vumbi letu mnalijua, ni mchanga wa mawe ya matale, yale yale ya Mlimwa yaliyosagika, na mchanga huo ni mgumu kuliko kliya (lile koti la juu lisilo na rangi) ya gari lolote. Ukimulika tochi kwenye boneti unaona utando wa buibui mtupu, duara ndani ya duara.

Pedi ni tatu, zote inchi 5, zote za kukata, yaani za kuondoa mikwaruzo, si za kumalizia:

A ina nyuzi fupi, na sponji iliyo chini ya nyuzi ni nyembamba na ngumu, unene wake kama ndala iliyochakaa kisigino.

B ina nyuzi fupi vilevile ila sponji ni nene zaidi, na ina tundu katikati.

C ni ya Kariakoo, haina jina wala baba. Niliipata nikiwa Dar, zinauzwa tano kwenye mfuko wa nailoni kwa bei isiyofika ya B moja. Nyuzi ndefu kama taulo, sponji ya njano ya kawaida kabisa.

Majina ya A na B siyataji hapa juu kwa makusudi. Nikiyataja tu mtagawana timu na uzi umekufa.

Gari lilioshwa, likapitishwa ule udongo wa kunasa uchafu, likakaushwa. Boneti nikaigawa kwa kanda ya karatasi mafungu matatu, kila moja kama sentimita 50 kwa 50. Kampaundi ile ile kwa zote. Pedi ikiwa mpya unaipaka uso mzima mpaka kila unyuzi uwe umelowa, baada ya hapo ni matone matatu manne tu kwa kila fungu. Spidi ya 4, mkono wa polepole, mara mbili kwenda na kurudi na mara mbili kukatiza. Nikimaliza nafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya kampaundi yanajaza mikwaruzo na kukudanganya. Gari linang'aa siku hiyo, ukiliosha mara mbili buibui wanarudi nyumbani kwao.

Fungu la kwanza sikuona tofauti. Nikamwita shemeji, nikamwita na jirani, nikawapa tochi. Shemeji akachagua C. Jirani akachagua A, akainama tena, akabadili. Ningeishia hapo ningekuja kuwaandikia mnunue za Kariakoo mlale.

Lakini gari si boneti peke yake. Nikaendelea: A ikapewa milango ya kushoto, B ya kulia, C paa na mlango wa nyuma. Kufika fungu la tano, la sita, mambo yakageuka.

C ilikuwa imelala nyuzi zote kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kampaundi imeganda katikati, imekuwa ngozi. Bati nikaliwekea mkono, sikumaliza sekunde tatu. Nikachukua kile kipimajoto cha bunduki kilichobaki nyumbani enzi za korona, kikaniandikia "Hi" tu, maana kimetengenezwa kupima vipaji vya nyuso. Nilipotaka kubandua pedi, nyuzi na sponji zikaja mkononi, velkro ikabaki kwenye mashine. Gundi imeyeyuka.

A ilikuwa bado inakata, tena vizuri, ila kwenye ule mkunjo wa mlango ilikuwa inagoma kuzunguka. Nilichora mstari kwa maka peni ubavuni mwa sahani ya mashine, kwa hiyo naona kabisa: bapa mstari unapotea kwa kasi, ukifika mkunjo unasimama unakutazama. DA isipozunguka inatetemeka tu, haikati kitu.

B ilikuwa vile vile kama fungu la kwanza. Polepole kidogo kuliko A, lakini vile vile.

Na zote tatu, bila ubaguzi, ziliacha ukungu kwenye hiyo 202. Ukiliangalia ndani ya kibanda safi, ukilitoa juani rangi inakuwa kijivu cha majivu. Ilibidi nirudi na sponji laini na polishi ya kumalizia gari zima. Aliyewaambia faiba ya kukata inamaliza kazi kwenye nyeusi laini hajawahi kulitoa gari nje ya banda.

Kwa hiyo hukumu yangu: B, kisha A kwa sehemu bapa, C tupeni. Karibuni mnipinge.

---

Kibajaji

Nimeweka kigoda hapa mbele kabisa. Picha ya hiyo velkro iliyobaki kwenye mashine tafadhali.

---

Nzuguni Kwetu

Mkuu hongera kwa kujitoa. Swali la kizembe: hii faiba ina nini ambacho sponji haina? Mimi nina sponji za kukata na zinakata.

---

Mtoto wa Ilazo

@Nzuguni Kwetu si la kizembe. Sponji ni vitundu vitundu, chembe za kampaundi nyingine zinazama humo ndani zinakaa bure. Faiba ni maelfu ya ncha ndogo, kila ncha inashika chembe na kuikokota juu ya rangi. Ndiyo maana kazi ya mapito manane ya sponji faiba inaimaliza kwa manne. Ubaya wake ndio huo huo: ncha zenyewe nazo zinachora. Kwenye rangi ngumu, mfano Benzi au Audi, huoni kitu. Kwenye rangi laini za Kijapani unauona ukungu niliousema.

Na usisahau unakula nini. Kliya ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Huwezi kuikata kila mwaka kama majani ya uani.

---

Timu Italia

Taja majina acha kutuzungusha. B ni Rupes, mtoto mdogo anajua, tundu katikati lile. Kampuni ipo tangu 1947, ndiyo waliotuletea mashine za mwendo wa 15 na 21. Faiba yao bluu ya kukata, njano ya kumalizia. Mengine yote ni kuiga.

---

Chapa Kazi

@Timu Italia 1947 unaona mbali? Meguiar's wapo tangu 1901. Walipoleta mfumo wao wa faiba wa DA walikuja na pedi mbili na dawa mbili: ya kukata ina sponji nyembamba, ya kumalizia ina sponji nene laini, na dawa zenyewe ni D300 na D301. A ya mleta uzi ndiyo hiyo.

---

Timu Italia

Meguiar's ipi, ile iliyonunuliwa na 3M mwaka 2008?

---

Mtoto wa Ilazo

Mnaona sasa? Hata ukurasa hatujafungua wa pili. Sithibitishi wala sikanushi, na pedi za kampuni nyingine nyingi zina tundu katikati. Ila nisaidie wageni kitu kimoja: rangi za pedi hazina sheria ya pamoja. Bluu ya huyu ni kali, bluu ya yule ni ya kumalizia. Someni maandishi, msisome rangi.

---

Mzee wa Sufu

Vijana, salamu. Mimi nimeshika mashine tangu Peugeot 504 ndiyo gari la wakubwa hapa mjini. Mashine ya kuzunguka moja kwa moja na pedi ya manyoya. Hiyo DA yenu ninayo, kijana wangu alininunulia, naitumia kumalizia.

Nina maneno mawili. La kwanza, sufu inapumua, haipati moto kama hiyo faiba iliyoshonwa ikabanwa kwenye sponji. Kwa jua letu hilo si jambo dogo. Kosa la sufu kwenye mashine ya kuzunguka ni zile alama za mawimbi zinazocheza ukitembea pembeni ya gari, na hizo zinaondoka kwa DA na sponji.

La pili ni swali, na mleta mada anijibu bila kuona haya. Pedi zako ulizisafisha mara ngapi? Zote tatu sawasawa?

---

Mtoto wa Ilazo

Shikamoo mzee wangu.

Ngoja nijibu kesho, nipo kazini.

---

Kibajaji

Hahaha. "Nipo kazini." Mzee kagusa penyewe.

---

Dada wa Kisasa

Samahanini kaka zangu, naingilia. Mimi nina IST nyeupe. Naiosha nyumbani kwa maji ya bomba, inabaki na vidoa vya duara vyeupe kwenye vioo na boneti, haviondoki hata kwa sabuni ya unga. Kijana mmoja wa kuosha magari ameniambia inatakiwa mashine na pedi hizi mnazozungumzia, akanitajia bei nikakaa chini. Ni kweli?

---

Mtoto wa Ilazo

Dada usimpe hela bado. Hiyo ni chumvi. Maji yetu ya visima vya Mzakwe unayajua hata kwenye birika, ile ganda nyeupe ya chini. Maji yakikaukia juani juu ya bati, maji yanaondoka chumvi inabaki. Na sabuni ya unga usirudie kwenye gari, inakula nta yote.

Chukua siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa laini, ukiweke juu ya doa dakika moja mbili kivulini, bati likiwa la baridi, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe hapo hapo. Vingi vitatoka. Vile ambavyo vimekaa miezi na kuacha kishimo, hivyo ndivyo vya mashine, na hata hivyo anza na sponji laini. Faiba ya kukata kwa doa la maji ni kama kuua inzi kwa mchi.

---

Dada wa Kisasa

Asante sana kaka. Kesho asubuhi najaribu.

---

Kibajaji

Na mimi niungame, maana kumbe ni uzi wa toba. Nilikuwa sina mashine. Nikamuazima fundi wa mageti grainda yake, nikafunga sahani ya velkro, nikabandika pedi ya faiba. Grainda ya inchi nne na nusu inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Boneti ilinusurika kwa neema tu. Nikafika bampa ya nyuma, pembeni, pale ilipopinda. Nilisikia harufu kabla sijaona. Nilipoinua palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa kifuniko cha soda, plastiki inaonekana, na kingo za rangi zimejikunja kama ganda la kitunguu. Hasara ilikuwa yangu na gari lilikuwa la kaka yangu.

---

Mzee wa Sufu

@Kibajaji pole. Bampa ni plastiki, haipitishi joto kama bati, moto wote unabaki palepale juu. Na kwenye kona rangi huwa nyembamba. Mimi kingo na mikunjo yote naibandika kanda kwanza, nakuja kumalizia kwa mkono. Mashine ya kuzunguka yenyewe hata ile ya kupolishi sivuki 1,800, na kazi nyingi nafanya kwenye 1,200 hivi. Tena faiba hizi nyingi zimetengenezwa kwa DA tu, ukiziweka kwenye ya kuzunguka gundi haina hata dakika.

---

Msingida

Wakuu nawasalimu kutoka Singida. Huku mimi sina kompresa. Nasafishaje pedi? Nimezoea kuzifua kwa sabuni usiku kazi ikiisha.

---

Mtoto wa Ilazo

Mkuu, swali lako limenikuta nikiandika jibu la mzee, kwa hiyo nawajibu pamoja.

Mzee wangu, hapana. Sikuzisafisha sawasawa. A na B nilikuwa nazipuliza kwa kompresa kila baada ya fungu, kwa sababu ni za bei na roho ilikuwa inaniuma. C nilipuliza mara moja tu, baada ya lile la tatu. Nilijisemea hii ni ya kutupa. Halafu nikaja kuandika humu kwamba imekufa.

Nilipolisoma swali lako nilifunga simu nikaiweka kifudifudi mezani.

@Msingida brashi inatosha. Chukua brashi ya kufulia nguo yenye nywele za nailoni, washa mashine spidi ya chini kabisa, gusisha brashi kwenye nyuzi kutoka katikati kuja nje. Utaona unga unaruka, huo ni kampaundi iliyokauka pamoja na kliya uliyoiondoa. Fanya hivyo kila fungu, si kila gari. Nguvu ya faiba ni nyuzi kusimama, na unga huo ndio unaozilaza. Kufua usiku fanya pia, maji ya uvuguvugu tu, sabuni ya maji, bila ile dawa ya kulainisha nguo maana inazivika nyuzi mafuta. Anika kivulini velkro ikiwa juu, maji yasikae kwenye gundi.

---

Mzee wa Sufu

Marahaba. Umejibu kiume. Sasa rudia. Lakini usirudie kwenye Harrier ya watu, rangi yake umeshaila mara moja na haioti. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, tafuta boneti kuukuu nyeusi.

Na hiyo C, kabla hujaanza, itoboe katikati. Tundu la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, nyuzi hadi velkro. Katikati ya pedi ndipo hapana mwendo mwingi, moto unakaa tu.

---

Hardtop Kondoa

Naomba msaada kabla hamjaenda kwenye vyuma chakavu. Jana nimeanza kupolishi Land Cruiser nyeupe ya zamani ya taasisi moja huku kwetu. Pedi imetoka nyeupe kama nimeichovya kwenye chaki. Nimesimamisha kazi. Nimefika kwenye undakoti, ile rangi ya chini?

---

Mzee wa Sufu

Hujafika popote, tulia. Magari mengi ya kazi ya zamani, yale meupe, hayana kliya. Rangi ni moja mpaka chini, kwa hiyo pedi inatoka na rangi. Ungekuwa umetoboa ungeona bati linabadilika sura, kijivu au chungwa kinachungulia. Tumia pedi laini, na ukimaliza paka nta, maana rangi ya namna hiyo ikiachwa wazi juani inarudi chokaa haraka.

---

Hardtop Kondoa

Nimepumua. Asante mzee.

---

Mtoto wa Ilazo

Nimerudi, siku tisa baadaye.

Boneti nilipata Kizota, ya Mark II, nyeusi. Kama ni 202 siwezi kuapa, kibati cha namba hakikuja nayo. Nimeilaza juu ya matairi mawili uani, watoto wa jirani wakadhani nafungua gereji. Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi. Hii nayo niiseme maana sikuisema mwanzo: hapa kwetu hewa ni kavu mno, ikifika saa nne na upepo umeamka, kampaundi inakauka kabla hujamaliza mapito na inageuka unga. Nikiona hivyo napuliza kwenye pedi ukungu wa maji, mara moja, siongezi kampaundi. Na upepo ukishaanza kubeba mchanga naacha kabisa, chembe moja ikinasa chini ya pedi unachora mfereji.

Safari hii kila pedi imepigwa brashi kila fungu, zote, sekunde kumi kumi. C mbili mpya: moja nimeitoboa kwa bomba la chuma nililolinoa, moja nimeiacha ilivyo. Mafungu manane kila moja, nilipokosa nafasi nikarudia juu ya mikwaruzo mipya niliyoichora kwa kitambaa kikavu na vumbi la uani. Ndiyo, nilikaa nikaikwaruza boneti kwa makusudi. Mke wangu alikuja akatazama, akarudi ndani bila kusema.

C isiyo na tundu imefika fungu la nane. Haikufa. Nyuzi zimelegea, kukata kumepungua, lakini velkro ipo na gundi ipo. C yenye tundu imepata moto zaidi ya B kidogo tu kwa mkono wangu, na nyuzi za katikati bado zimesimama. Kingo za tundu zimeanza kuchanika, mshono hakuna, kwa hiyo sidhani kama itamaliza gari la pili.

A imenishangaza kwa upande mwingine. Boneti hii ni bapa, haina mkunjo wa maana, na A imezipita zote. Mapito mawili ilikuwa imemaliza kazi ambayo B inataka matatu. Sponji yake nyembamba haimezi nguvu ya mashine. Kwa hiyo ule uvivu niliousema ulikuwa wa mlango wa Harrier, na mimi niliubandika kwenye pedi.

B imekuwa B. Haina la kusimulia, na kwa pedi hiyo ni sifa.

Ukungu? Zote. Hilo halijabadilika hata chembe.

Nafuta neno "tupeni" kule juu. Nimeacha uzi wa kwanza kama ulivyo ili msome kosa lenyewe.

---

Timu Italia

Kwa hiyo B ameshinda.

---

Chapa Kazi

A amezipita zote, hujasoma?

---

Mzee wa Sufu

Mwache. Mleta mada, pedi ngapi kwa gari moja sasa? Waambie wanaoanza.

---

Mtoto wa Ilazo

Kwa gari la ukubwa wa Harrier mimi siingii uwanjani na faiba chini ya nne. Natumia moja mafungu matatu manne, naiweka kando ipoe, nachukua nyingine, brashi kila fungu. Mwanzo nilikuwa na mbili tu za bei mbaya, nikizilazimisha zimalize gari. Sasa nina A mbili kwa boneti, paa na buti, na C nne kwa milango na fenda, kwa sababu zile nyuzi ndefu na sponji ya kawaida zinainama kwenye mikunjo. B imebaki moja, naitunza kwa rangi ngumu. Halafu sponji laini mbili za kumalizia, hizo usikose hata iweje kama gari ni jeusi.

Na tochi. Bila tochi unapolishi giza.

---

Dada wa Kisasa

Nimerudi kuleta mrejesho. Siki imetoa karibu vyote, vimebaki kama vitano juu ya boneti, vina kishimo. Kijana wa kuosha nimemwambia nimetumia siki, ameniuliza ya kachumbari?

---

Mtoto wa Ilazo

Hahaha. Mwambie ndiyo, hiyo hiyo. Hivyo vitano vilete Jumamosi, ni kazi ya sponji na dakika kumi, hutanilipa. Ila uje saa kumi na mbili kamili, saa nne nikisikia mabati ya kibanda yameanza kupiga kelele nafunga mashine.

---

Msingida

Mkuu hizo C tatu zilizobaki kwenye ule mfuko unaziuza?

---

Mtoto wa Ilazo

Zimebaki mbili, moja ilikufa kwenye Harrier, mbili zimekwenda kwenye majaribio. Na hesabu yangu ya C nne imeshanigomea hapo, najua, naagiza mfuko mwingine. Ukipita Dodoma hizo mbili ni zako bure, njoo na brashi.